Ramani yangu ya hosteli, na lile swali la "kwani mama unajenga ili iungue?"

Wachoraji wangu wa ramani naanza kuwapa nyota moja, halafu tutaona. Nimeandika haya mara tatu nikafuta, maana mwanangu alisoma ya kwanza akaniambia, "Mama, watakushtaki." Basi jina lao sitaji.

Mwaka juzi, baada ya Pasaka ile ya mvua nyingi, niliwapa jamaa wa ofisi moja ya kuchora ramani kazi ya hosteli yangu. Wasichana wa chuo, chini na ghorofa mbili, vyumba 24, kila chumba wanne. Bei ilikuwa moja ya jumla: michoro, hesabu za nondo, na kufuatilia mihuri yote, "mpaka ya zimamoto, mama, wewe lala tu." Nikalala kweli.

Ramani ilikuja ya kupendeza, sisemi uongo. Ile picha ya rangi, yenye miti na gari mlangoni ambalo sina, niliirusha kwenye grupu la ukoo siku hiyohiyo. Mashangazi wakamwaga maua.

Kumbe kufuatilia mihuri maana yake nikafuatilie mimi. Nikaenda zimamoto na fundi wangu. Askari aliyekuwepo alifunua karatasi, akakaa kimya kama daktari anayeangalia eksirei, halafu akauliza, "Ngazi ya pili iko wapi?" Nikamwonyesha kwa kujiamini, maana nilishaambiwa jengo kama langu linataka ngazi mbili na zote nimezilipia. Zilichorwa ubavu kwa ubavu, katikati ukuta wa tofali moja, na zote zinamwaga watu kwenye mapokezi yaleyale.

"Hii ni ngazi moja pana," akasema. Moto ukianzia mapokezi, moshi unapanda kote kuwili kama bomba la jiko, na wa juu hawana pa kushukia. Angekomea hapo tungeachana salama. Milango ya kutokea nje yote inafunguka kwa ndani: wasichana 96 wanasukuma kwa hofu, huyo wa mbele atapata wapi nafasi ya kurudi nyuma auvute? Nondo za madirisha zimechorwa za kuchomelewa moja kwa moja. Korido ya upande wa mashariki inaishia ukutani, na kwenye moshi mtu anaifuata akidhani inatoka.

Nilimjibu vibaya. Nondo ni za wezi, nikamwambia, au na wezi utawazima wewe? Hakunijibu. Alichukua chaki akachora korido yangu sakafuni, kwa upana uleule wa kwenye ramani, akamwambia fundi abebe kiti aje upande huu na mimi niende upande ule. Mimi si mtu mwembamba. Tulikutana katikati, mguu wa kiti ukanipiga mbavuni, na kiatu changu kikawa nje ya mstari. Watu kwenye foleni wakacheka. Hakunipa hata pole, na siku hiyo niliapa huyo ndiye nitakayemwandika.

Lakini hasira ilihama. Nilirudi ofisini kwa wachoraji na karatasi yenye kalamu nyekundu. Kijana mwenyewe alikuwa anachezea simu. Akaitazama bila kuishika, akasema, "Kwani mama unajenga ili iungue?" Wenzake wawili wakacheka. Akaongeza, "Nenda kaongee naye vizuri tu." Nikamwambia yule askari hakuniomba hata maji ya kunywa. Akarudi kwenye simu yake.

Mimi nimetokea Rombo. Swali hilo huwezi kumwuliza mtu wa Rombo wa umri wangu. Shauritanga ni kwetu: 1994 bweni la wasichana wa sekondari liliungua usiku, wakafa zaidi ya 40. Wangekuwa mama wenzangu leo. Mwaka 2001 ikawa shule ya Kyanguli, kule Machakos, Kenya, wavulana 67. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa na madirisha yana nondo. Hakuna aliyejenga yale mabweni ili yaungue.

Hayo ndiyo ningemjibu. Pale nilibaki mdomo wazi, nikasema "haya," nikaondoka. Mpaka leo nikiwa naosha vyombo namjibu peke yangu.

Nilimtafuta mchoraji mwingine, mama mmoja mpole wa bei mbaya. Ngazi ya pili akaipeleka mwisho wa korido ya mashariki, ikatoka moja kwa moja uani. Vyumba viwili vimekufa hapo, vitanda vinane, na kila mwisho wa mwezi navihesabu, siwadanganyi. Milango sasa inafunguka kwa nje na ina komeo la kusukuma kwa kiwiliwili. Nondo, kila chumba dirisha moja lina bawaba na kitasa cha ndani kisichotaka ufunguo. Fundi alilalamika wiki nzima, halafu akaanza kuwaonyesha wateja wake kama ubunifu wake. Namba ya zimamoto, 114, nimeibandika kila korido. Muhuri nikapata, kwa askari yuleyule, na safari hii pia hakutabasamu.

Nisijifanye mtakatifu. Juzi juzi nimekuta mlinzi ameufunga ule mlango wa uani kwa mnyororo wa baiskeli, eti wasichana wanapitisha wavulana. Na wazo langu la kwanza, Mungu anisamehe, lilikuwa kwamba mlinzi huyu ana akili. Nilishapita kabisa, nikafika kwenye karai la nguo, ndipo nikarudi. Huo mnyororo sasa uko chini ya kitanda changu na mlinzi hanisalimii vizuri.

Sasa hukumu. Nyota moja. Ingawa paa walilichora vizuri, hesabu za nguzo yule mama mpole alizikuta sawa, na nyumba haivuji hata tone, kwa hiyo mtu wa haki angewapa mbili. Ningewapa mbili. Ila kila nikiifikia ya pili nasikia kile kicheko cha wale wawili, ambao wala kazi yenyewe haikuwahusu.

Wiki iliyopita wamenitumia ujumbe: "Mteja wetu mpendwa, unakumbushwa salio la laki nne." Jamani silipi. Laki moja ya paa nitawatumia, na mwenye kuja kuichukua asiwe yule kijana.