TAHADHARI: Anayewatumia "demo mpya" ya gemu yangu inboksi si mimi

"Kaka, ile demo uliyonitumia haifunguki. Linatokea dirisha jeusi halafu linapotea."

Ujumbe huo niliupata juzi usiku kutoka kwa dada mmoja anayeifuatilia gemu yangu tangu ilipokuwa michoro ya penseli tu. Moyo ulinipiga paa. Sijamtumia mtu yeyote demo, yaani kipande cha gemu cha kujaribia.

Kuna mtu amefungua akaunti kwa jina langu. Picha ni yangu, maelezo ameyanakili neno kwa neno, na kwenye jina amebadilisha herufi moja: palipo na l ndogo (ya lala) ameweka I kubwa (ya Iringa). Kwa macho huwezi kuzitofautisha. Anawaingia watu inboksi, anawaita "wenzangu wa tangu mwanzo", anawaambia amewachagua wachache waijaribu sura ya pili kabla haijatoka. Ili aaminike anatuma ule mchoro wa mnara wa taa niliowaonyesha mwezi uliopita, wenye alama ya kidole pembeni pale wino uliponichafukia. Hapo ndipo nilipoumia zaidi. Niliutoa mchoro ule kwa sababu mliniomba muione kazi ikiwa bado mbichi, naye kaugeuza chambo.

Faili lenyewe ni zip, yaani kifurushi cha mafaili yaliyobanwa pamoja, iliyofungwa kwa nenosiri, na nenosiri analiandika papo hapo kwenye ujumbe. Amelifunga ili antivairasi isione kilichomo. Kisha anakuambia uizime kabisa, eti gemu za sisi tunaotengeneza peke yetu husingiziwa kuwa na virusi. Uongo huu unanasa watu kwa sababu una chembe ya ukweli: programu isiyo na sahihi ya kidijitali, ya mtu asiyejulikana, Windows huitilia shaka na kutoa onyo. Hata demo yangu ya kwanza ilitolewa onyo hilo. Ila mimi sijawahi kumwambia mtu azime ulinzi wa kompyuta yake, na sitamwambia.

Ukishalifungua, gemu hakuna. Kinachoendelea kimyakimya ni kukombwa kwa manenosiri na vidakuzi vilivyohifadhiwa kwenye kivinjari. Vidakuzi ndivyo vinavyoiambia tovuti kwamba wewe ulishaingia, kwa hiyo mwizi akivipata anaweza kupita bila kuulizwa nenosiri wala ile namba ya uthibitisho. Dada huyu alikuwa amewasha uthibitisho wa hatua mbili, na bado akaunti ilikwenda. Haikupita saa moja, ikawa inawatumia rafiki zake demo ileile.

Kama umeshalifungua, kata intaneti kwenye kompyuta hiyo sasa hivi. Usibadilishe nenosiri lolote humo, utakuwa unamwandikia mwizi jipya. Chukua kifaa kingine, anza na barua pepe yako kwa sababu kupitia hiyo ndiyo hufunguliwa nyingine zote: ondoa vifaa vyote vilivyoingia, ndipo ubadilishe nenosiri, kisha uende kwenye akaunti zinazobaki. Kompyuta yenyewe isakinishe mfumo upya. Kulifuta faili peke yake hakutoshi. Na waambie rafiki zako mapema, bila kuona aibu. Aliyekuingiza mkenge anafanya kazi hiyo kila siku.

Wapo watakaosema haya ni ya inboksi tu. Februari 2025, Valve, kampuni yenye Steam, duka la gemu la mtandaoni, iliiondoa humo gemu iitwayo PirateFi baada ya kubainika ina programu hasidi, ikawashauri waliokuwa wameicheza wakague kompyuta zao na hata wafikirie kusakinisha mfumo upya. Ikiwa dukani palipenyezwa, zip ya inboksi isiyopita mikononi mwa mkaguzi yeyote ikoje?

Akaunti hiyo nimeiripoti, lakini ripoti ya mtu mmoja haina nguvu. Ukiiona, iripoti nawe kama mtu anayejifanya mwingine, piga picha ya skrini, na usibishane nayo: nilipoiandikia, iliniblock ndani ya dakika moja ikaendelea na watu wengine.

Faili zangu zote ziko kwenye ukurasa wangu wa gemu, ule ule mlipopakulia sura ya kwanza. Sitakutumia faili inboksi, hata kama tumezoeana kiasi gani, na wajaribu nikiwahitaji nitatangaza hadharani hapo hapo. Sura ya pili bado haijakamilika. Mnara wa taa wenyewe sijaupaka hata rangi.