Programu za Kupima Umbali kati ya Majiranukta: Ipi Uichague, na Ipi Usiilipie

Kabla hujalipia programu yoyote ya kupima umbali kati ya majiranukta (nukta zinazotajwa kwa latitudo na longitudo), chunguza kwanza inaichukulia dunia kuwa na umbo gani. Programu nyepesi hutumia kanuni ya haversine, inayoifanya dunia kuwa tufe kamili lenye nusukipenyo cha kilomita 6,371, ilhali katika mfumo wa WGS 84 unaotumiwa na GPS nusukipenyo hicho ni kilomita 6,378.137 kwenye ikweta na kilomita 6,356.752 kwenye ncha. Kosa linalotokana na hilo linaweza kukaribia asilimia 0.5, si neno kwa anayekadiria safari ya ndege, lakini mpima ardhi hawezi kulivumilia. Ni rahisi kuipima programu yenyewe: pima nyuzi moja ya longitudo kwenye ikweta, kisha nyuzi moja ya latitudo kutoka ikweta. Programu makini itatoa kilomita 111.32 na 110.57; programu ikitoa 111.19 au 111.2 mara zote mbili, unauziwa tufe.

Kwa watu wengi, ninaiweka QGIS katika nafasi ya kwanza. Ni programu huria ya ramani isiyo na ada, na hupima vizuri mradi tu duaradufu (umbo la dunia lililobonyea kidogo kwenye ncha) iwe imechaguliwa katika mipangilio ya mradi. Isipochaguliwa, vipimo huchukuliwa kwenye ramani bapa, na katika ramani ya Web Mercator, iliyozoeleka mno mitandaoni, urefu kwenye latitudo ya nyuzi 60 huonekana takriban mara mbili ya ulivyo.

Ya pili, ambayo kwa mwandishi wa programu ndiyo ya kwanza, ni GeographicLib ya Charles Karney, maktaba ya msimbo wa kukokotoa umbali. Kanuni ya Vincenty ya mwaka 1975, iliyotegemewa kwa miongo mingi, huweza kushindwa kutoa jibu nukta mbili zinapokaribia kuwa pande zinazokabiliana za dunia; kanuni aliyoichapisha Karney mwaka 2013 haina udhaifu huo. Watumiaji wa lugha ya programu ya Python huipata bure kupitia maktaba ya geopy.

PostGIS, kiendelezi cha hifadhidata ya PostgreSQL, inafuata, nayo inawafaa wenye mamilioni ya nukta, ilimradi watumie aina ya data ya geography, kwani geometry yenye latitudo na longitudo hurudisha umbali kwa nyuzi badala ya mita. Google Earth Pro, ambayo ni bure tangu 2015, inatosha kwa nukta chache. ArcGIS Pro, programu ya ramani ya kulipia, ninaiweka mwisho kwa sababu ya leseni yake tu: kuinunua kwa ajili ya umbali peke yake ni kununua basi zima kwa sababu ya kiti kimoja.

Pa kutolea fedha ni kwenye umbali wa barabara, ambao hakuna kati ya kanuni hizi inayoujua. Hata hapo, hesabu mapema: huduma nyingi hutoza kwa kila jozi, hivyo vituo 100 vikilinganishwa na vituo 100 huzaa jozi 10,000. Mwenye seva yake na fundi wa kuitunza anaweza kutumia OSRM, programu ya kutafuta njia za barabara, ambayo ni huria na husoma data za ramani huria ya OpenStreetMap.