Msipeleke flashi pale kabla hamjasoma hii

Jina la steshenari nalihifadhi, ila iko karibu na soko la Mlango Mmoja na asubuhi foleni yake hutokeza hadi barabarani. Nafundisha jiografia kidato cha tatu. Nilitaka kuchapa ramani za barafu ya Kilimanjaro: ile ya watafiti Klute na Oehler ya 1912, pamoja na mipaka ya barafu niliyopakua kwenye GLIMS, kanzidata ya barafu za milima duniani, inayotunzwa na NSIDC, kituo cha data za theluji na barafu kule Boulder, Colorado, Marekani. Ni bure kabisa, mtu yeyote anachukua. Kilichonigharimu ni bando tu, nalo nalijua mwenyewe.

Kijana wa kaunta akachomeka flashi, akakunja uso, akabonyeza. Unafanya nini, mdogo wangu? "Ilikuwa na virusi, ticha. Nimeifomati."

Nimeifomati! Hata kuuliza kama nina nakala kwingine, hakuna. Nikamweleza zile ni kumbukumbu za barafu ya mlima. Akacheka mpaka wateja wakageuka: "Theluji ya nini Mwanza, ticha? Si upige picha friji!"

Wewe kijana, mwaka 1912 barafu ya Kilimanjaro ilifunika kama kilomita za mraba 11.4; kufikia 2011 imebaki 1.76. Iliyokwisha kuyeyuka hakuna wa kwenda kuipima tena. Kilichopo ni ramani, picha, na ile mihimili ya barafu, vipande virefu vya mviringo, aliyochimba mlimani mtafiti Lonnie Thompson mwaka 2000, barafu ya chini kabisa ikikadiriwa kuwa na miaka zaidi ya 11,000. Iko chuo kikuu cha Ohio State, Marekani. Na ndiyo, iko kwenye friji! Wenzetu wanaugandisha mlima wetu ili usipotee, wewe unaufuta kwa kidole kimoja huku unatafuna karanga.

Haya, nisimwonee. Nilipakua upya, kila faili nikalikuta palepale. Nikarudi kwa huyohuyo, maana mashine ya rangi ya jirani yake imekufa siku nyingi. Jamani, kazi ile! Karatasi ya A3, rangi imekolea, hata wanaokaa nyuma kabisa darasani wanaona barafu ilivyokatika vipande. Nikasema basi, nyota tatu. Hata nne, kijana ana mkono.

Nilikuwa nimeshaandika nne, ndipo nikaisoma risiti ya ile siku ya kwanza: "Kuondoa virusi, 2,000."

Moja.