WSJT-X kwa mawasiliano ya Mwezi: uzoefu wangu na Q65

WSJT-X ni programu ya bure ya redio za ridhaa, na kwa kazi ya kugongesha ishara Mwezini sijaona inayoishinda. Mwanzilishi wake ni Joe Taylor, mwanafizikia wa Marekani aliyepata Nobeli mwaka 1993. Ishara ya megahertzi 144 hupungua takriban desibeli 252 kwenda na kurudi, hivyo sikio tupu ni la wenye antena kubwa. Q65, mtindo wa ujumbe wa kidijitali ndani ya programu hii ulioingia na toleo la 2.4 mwaka 2021, husoma ujumbe ulio desibeli 27 hivi chini ya kelele.

Wengi hukwamia kwenye mipangilio. Mwangwi huchukua sekunde 2.5 kurudi, weka tiki kwenye kisanduku cha kungoja ucheleweshaji huo, na saa ya kompyuta ilingane na intaneti. Kisha Doppler, yaani masafa kuhama kwa sababu dunia na Mwezi vinasogea. Huku kwetu Ikweta dunia huzunguka kwa kasi kuliko kwingine, kwa hiyo mwangwi wako huweza kuhama zaidi ya hertzi 400 kwenye megahertzi 144, na karibu kilohertzi 4 kwenye megahertzi 1296. Unganisha redio na kompyuta kwa kebo ya data, programu irekebishe masafa yenyewe. Chaguo la masafa yasiyobadilika Mwezini, ambapo kila kituo hurekebisha Doppler ya upande wake, ndilo salama, mradi mwenzako naye alitumie.

Kisichotibika kwa programu ni kebo mbovu. Mita 10 za RG-58, kebo nyembamba ya antena, hula takriban desibeli 2 kwenye 144, tena kabla ishara haijafika kwenye kipokezi. Funga priampu (kikuza ishara inayoingia) juu mlingotini, na upange relei, swichi inayoitenga unapotuma, igeuke kwanza ndipo nguvu itoke. Relei ikichelewa, transista ya priampu imekwenda.

Antena moja ya Yagi na wati 100 hutosha kuzungumza na vituo vyenye antena nyingi. Bila mota ya kuinua antena, tegemea mawio na machweo ya Mwezi tu: ardhi tambarare au bahari huongeza hadi desibeli 6, ila hapa Mwezi hupanda wima na kutoka kwenye mwali wa antena mapema. Epuka siku za Mwezi mwandamo, Jua likiwa jirani yake.

Nyota nne. Ya tano naizuia kwa sababu dirisha la Doppler halijielezi. Ukiona kwenye skrini mistari hafifu ya ishara isiyosomeka, usizime: programu hujumlisha marudio, na ya tatu au ya nne mara nyingi hufunguka.