Language Transfer kwa mwanafunzi wa sekondari anayeanza Kihispania: uzoefu wangu

Kama uko sekondari, ndiyo kwanza unaanza Kihispania, na Kiingereza chako kinatosha kufuata somo la kusikiliza, anza na kozi ya Complete Spanish ya Language Transfer kabla ya kitu kingine chochote. Ni ya bure, inaendeshwa kwa michango ya wanaoipenda, na inapatikana kwenye programu yao ya simu na kwenye YouTube pia. Ina vipande 90 vya sauti, vingi vyake vikiwa vya dakika kumi hivi. Nimeisikiliza yote, na baadhi ya vipande nimevirudia hadi vikakaa mdomoni.

Kabla ya hapo nilikuwa na vitu viwili. Cha kwanza ni programu ya simu, ile aina ya kukusanya pointi na kulinda mfululizo wa siku. Ilinipa maneno mengi, hilo siwezi kulikana. Ila karibu kila zoezi lake lilikuwa la kuchagua: linganisha neno na picha, panga vipande vya sentensi ambavyo tayari viko mbele yako. Jibu lipo kwenye skrini, kazi yako ni kulitambua tu. Cha pili ni kitabu cha darasani na majedwali yake: hablo, hablas, habla, hablamos, habláis, hablan. Jedwali ni zuri kwa mtu anayetaka kuhakikisha jambo. Lakini mwalimu akikuuliza swali na wote wanakusubiri, huna muda wa kushuka safu kwa safu kutafuta umbo la kitenzi.

Language Transfer inafanya kazi tofauti kabisa. Mwalimu, Mihalis Eleftheriou, anamfundisha mwanafunzi mmoja aliyekaa naye, nawe unasikiliza kama mwenzake. Anaeleza jambo dogo, kisha anauliza: utasemaje hivi? Hapo unasimamisha sauti, unafikiri, unajibu kwa sauti yako mwenyewe, ndipo unaendelea. Masharti yake ni kwamba usiandike na usikariri. Sharti hilo linamshangaza mtu aliyezoea kunakili ubaoni, lakini baada ya vipande vichache unaona sababu. Kilichofundishwa leo kinatumika kesho ndani ya sentensi ndefu zaidi, na keshokutwa tena, kwa hiyo kinajikariri chenyewe. Usiposimamisha sauti ukajibu, umesikiliza redio. Hili ndilo jambo ninalowasisitizia wenzangu kuliko yote, kwa sababu wengi wanaoniambia kozi haijawasaidia wameiacha ikicheza huku wakifanya mambo mengine.

Mwanzo wake ni wa kutia moyo. Anaanza na maneno ambayo Kiingereza na Kihispania vinayo kwa pamoja, kama normal, legal, ideal, ili upate sentensi tangu dakika za kwanza: es normal, no es legal. Kisha anakuonyesha kuwa maneno mengi ya Kiingereza yanayoishia na -tion huwa -ción kwa Kihispania, na kutoka hapo unapata kitenzi: preparación inakupa preparar. Mwanafunzi wa mwezi wa kwanza anajikuta na mamia ya maneno ambayo hakuyasomea.

Sasa nije kwenye kilichonifanya niandike. Kozi inafundishwa kwa Kiingereza na kumlenga mtu anayefikiri kwa Kiingereza, kwa hiyo mwalimu hutumia muda mwingi kueleza mambo ambayo msemaji wa Kiswahili tayari anayo. Ukilitambua hilo, unasonga haraka sana. Ushauri wangu ni huu: sikiliza maelezo kwa Kiingereza, lakini unapojibu, jenga sentensi kutoka kwenye Kiswahili.

Chukua umri. Kihispania husema tengo 16 años, na sisi husema nina miaka 16. Njaa ni tengo hambre, nina njaa. Kiu ni tengo sed, nina kiu. Me llamo ni naitwa. Kivumishi hukaa baada ya nomino mara nyingi, la casa blanca, nyumba nyeupe, na hubadilika kuifuata nomino: el libro rojo, los libros rojos. Anayesema kitabu kipya na vitabu vipya hahitaji kuelezwa kwa nini kivumishi kifuate umoja na wingi. Mtenda naye yumo ndani ya kitenzi. Hablo peke yake inatosha, kama nazungumza inavyotosha. Tofauti ni kwamba sisi tunamweka mwanzoni na wao mwishoni.

Kilichonifurahisha zaidi ni viambishi vya mtendwa. Kwenye kitabu cha darasani, sura ya lo, la, los, las ndiyo iliyokuwa ikiogopwa na kila mtu, kwa sababu Kiingereza huweka neno hilo baada ya kitenzi na Kihispania hulitanguliza. Lakini lo quiero, ukiwa unasema kuhusu kitabu, ni nakitaka. No te veo ni sikuoni. Mtendwa amewekwa kabla ya kiini cha kitenzi, palepale tunapomweka sisi. Siku nilipoacha kupitia Kiingereza kwenye sentensi hizi, zikaanza kutoka bila kusita. (Kitenzi kikiwa katika umbo lake la msingi, mtendwa anaweza kuhamia mwishoni: quiero verte, nataka kukuona. Hilo jifunze kama lilivyo.)

Me gusta nayo ni hivyohivyo. Ukiifasiri kama napenda, utashangaa kwa nini inageuka kuwa me gustan kitu kikiwa kingi. Ifasiri kama inanipendeza: me gusta el libro, kitabu kinanipendeza, me gustan los libros, vitabu vinanipendeza. Kitenzi kinafuata kitu, si wewe.

Halafu kuna ser na estar, vitenzi viwili vinavyoshikilia nafasi ya kimoja cha Kiingereza, to be. Soy estudiante ni mimi ni mwanafunzi. Estoy en la escuela ni niko shuleni. Mpaka hapo ni rahisi. Mahali penye hali ndipo wengi hukwama: kwa nini estoy cansado, está sentado, na hata está muerto, wakati kifo hakibadiliki? Tazama Kiswahili: nimechoka, amekaa, amekufa. Zote zina -me-, hali iliyopo sasa kutokana na jambo lililotokea. Kila ninapoona sentensi ya namna hiyo ikija kwa -me-, nachagua estar, na mara nyingi ndiyo sahihi. Kipimo hiki hakifuniki kila kitu, lakini kwa ngazi ya mwanzo kimenifaa kuliko maelezo ambayo vitabu vingi hutoa, kwamba ser ni ya mambo ya kudumu na estar ya mambo ya muda.

Vipande vya mbele vinagusa hata lile umbo la kitenzi la kutaka, kuamuru na kutamani. Hablar hugeuka hable, na quiero que hables ni nataka uzungumze. Irabu ya mwisho inatoka a kwenda e, kama ya kwetu. Kwa vitenzi vya -er na -ir ni kinyume, vinakwenda a, kwa hiyo usijiachie sana.

Kwa upande wa matamshi hatuna haja ya kusema mengi. Irabu ni tano na zinatamkwa karibu kama zetu. Mkazo huangukia silabi ya pili kutoka mwisho neno linapoishia na irabu, n au s, nalo ndilo zoea letu. Maneno mengine hukazwa silabi ya mwisho, na yanayovunja kanuni huandikwa alama juu ya irabu. Ñ ni ny. H haitamkwi. J ni kh ya kooni. Kazi ya kweli iko kwenye r moja na rr, kwa sababu pero na perro ni maneno mawili tofauti, lakini na mbwa. Hapo fanya mazoezi kila siku, kwa sauti.

Jinsia ya nomino ndiyo iliyobaki kuwa ngumu kwangu. Ngeli zimetuzoeza upatanisho, lakini hazikuambii ni nomino gani iko upande gani. Nyingi zinazoishia na -o ni za kiume na nyingi za -a ni za kike, kisha zinakuja el día, el problema na la mano, ambapo el ni ya kiume na la ni ya kike. Sijapata njia ya mkato. Kila nomino naishika pamoja na el au la yake tangu siku ya kwanza, sitenganishi.

Kozi hii haitoshi peke yake, na haidai kutosha. Ni ya sauti, kwa hiyo kuandika hutakupata humo: alama za mkazo, ¿ na ¡ za kufungulia swali na mshangao, tahajia ya b na v ambazo zinatamkwa sawa. Haifuati mtaala wa shule yoyote, kwa hiyo sura za familia, nguo, siku na miezi utazisoma kwingine. Na msamiati wake ni mdogo kwa makusudi. Mwalimu anataka uwe na maneno machache unayoyaendesha vizuri. Mimi nakubaliana naye, lakini mtihani wa darasani hautakubali, kwa hiyo kitabu cha shule usikitupe.

Kwa kusikia, nimeongeza video za Dreaming Spanish, mradi ulioanzishwa na Pablo Román. Zile za ngazi ya chini kabisa zina mtu anayezungumza polepole huku akichora na kuonyesha kwa mikono, na unaelewa kisa kizima bila kufasiriwa neno. Language Transfer ilinipa namna ya kujenga sentensi. Video hizi zilinizoeza kasi na sauti za watu mbalimbali, wa Hispania na wa Amerika ya Kusini, ambao hawatamki z sawa na hawasemi nyinyi kwa neno moja, vosotros kwa hawa na ustedes kwa wale. Ni vyema kulijua hilo mapema, usije ukadhani mwalimu mmoja kati ya wawili hajui kazi yake.

Kuna jambo dogo ambalo sikulitarajia: mwalimu huyohuyo ana kozi ya Kiswahili, Complete Swahili. Sikilizeni vipande vyake vya mwanzo hata kama lugha ni yenu. Kumsikia akimfafanulia mgeni viambishi vyetu kulinionyesha sarufi yangu kwa jicho jipya, na nikarudi kwenye Kihispania nikiwa na maswali bora.

Kwa wanaotaka cheti, Instituto Cervantes, taasisi ya Hispania ya kueneza Kihispania iliyoanzishwa 1991, ina mtihani wa lugha uitwao DELE wa wanafunzi wa umri wa miaka 11 hadi 17, mmoja wa A1, ngazi ya mwanzo kabisa, na mwingine wa A2/B1, ngazi zinazofuata. Ule wa A1 ndio ninaoulenga. Alama ni 100, zimegawanywa mafungu mawili ya 50: kusoma na kuandika upande mmoja, kusikiliza na kuzungumza upande mwingine, na lazima upate angalau 30 katika kila fungu. Aliyebobea kwenye karatasi tu hapiti. Kwa fungu la pili nina Language Transfer na zile video. Kwa la kwanza nimerudi kwenye kitabu cha darasani, naandika aya fupi kila jioni na kumpelekea mwalimu azisahihishe.