PS2 kwenye tele bapa: kisanduku cha dola 10 na kidude cha dola 15

Tele yangu ya mgongo ilipokufa nilinunua bapa ya inchi 32. Nilishaitundika ukutani ndipo nikagundua kwamba nyuma haina matundu ya njano, nyeupe na nyekundu. HDMI mbili, USB moja, basi. PS2 (PlayStation 2, mashine ya michezo ya video) niliyoletewa na shemeji kutoka Ubelgiji ikabaki chini ya meza kama mgeni asiyekaribishwa.

Nikapanda Nyawera, sokoni hapa Bukavu. Kijana wa duka akanitolea kisanduku cheusi: "Yaya, hii njo yenyewe." Dola 10. Kufika nyumbani, kioo giza tupu. Nilipoteza jioni nzima kabla sijasoma maandishi madogo ya juu yake: HDMI2AV. Kumbe hicho hupokea HDMI na kutoa AV, yaani zile waya tatu za rangi. Mimi nilihitaji kinyume chake, AV2HDMI, na viwili hivyo ni pacha kabisa, hata rangi ni moja. Kijana alinibadilishia bila maneno, kwa hilo namshukuru.

Cha pili kilileta picha, lakini picha gani! Waya wa njano hubeba mwanga na rangi vikiwa vimechanganywa, kwa hiyo kwenye mchezo wa mpira jezi nyekundu zilimwagikia kwenye majani, na namba za magoli zilionekana kama zimeandikwa kwa chaki mbichi. Kuna kiswichi cha kuchagua ukali wa picha, 720p au 1080p. Usijisumbue nacho, kinakuza uchafu uleule. Tena wachezaji wote walikuwa wamenenepa, mpaka nilipoingia kwenye menyu ya tele nikarudisha umbo la 4:3, lile la tele za zamani.

Baada ya wiki mbili nikaongeza dola 15, nikachukua kile kidude kinachochomekwa moja kwa moja nyuma ya PS2, pale pale panapoingia waya wa njano. Umeme wake kinavuta kwenye USB ya mbele ya mashine yenyewe, na kwetu tunaocheza kwa betri ya jua, kupunguza chaja moja ni jambo. Nikawasha. Kijani! Kioo chote kijani, kinatetemeka, herufi hazisomeki.

Nilitaka kukirudisha dukani, lakini kidude hakikuwa na kosa. Ulaya wengi waliunganisha PS2 kwa Péritel (tundu pana la tele za kule), na kwa ajili hiyo mashine huwekwa kwenye RGB, yaani nyekundu, kijani na buluu kila moja kwenye waya wake. Kidude kinataka Y Cb/Pb Cr/Pr, yaani mwanga peke yake na rangi peke yake. Hiyo hubadilishwa kwenye mipangilio ya mfumo, ukiwasha bila CD. Sasa utaibadilishaje wakati huoni kitu?

Nikabeba PS2 na waya wake wa njano mpaka kwa Koko, mzee wa nyumba ya chini, ambaye tele yake ya mgongo bado inadunda. "Ingia, mwanangu, lakini habari za saa mbili usinikoseshe." Dakika tatu zilitosha. Niliporudi kwangu nikachomeka kidude, na majani yakawa majani, jezi ikakaa mwilini mwa mwenyewe. Mpaka leo umeme umekatika sijui mara ngapi, mpangilio haujapotea.

Picha haijawa ya kisasa, usidanganywe. Kidude hakiongezi mistari ya picha, kinapitisha tu ile ya PS2, na ukisogea karibu unaona ngazi pembezoni mwa kila kitu. Na maneti (kile cha kubonyezea mkononi) ilikuwa inachelewa: nabonyeza shuti, mpira unatoka baadaye. Hapo kosa lilikuwa la tele, inapochukua muda kuisafisha picha kabla ya kuionyesha. Niliwasha "mode jeu" (hali ya mchezo) kwenye menyu yake, nafuu ikawa kubwa.

Kilichonishinda ni CD za PlayStation ya kwanza. PS2 inazisoma, lakini mawimbi yake ni ya mistari michache ambayo tele nyingi mpya hazikubali, na yangu inaandika "pas de signal" (hakuna mawimbi). Kwa CD hizo nachomoa kidude na kurudi kwenye kisanduku cha dola 10, na jezi zinamwagika tena.