Fulana za Bendi: Kabla Hujalipa, Uliza Wino Umeiva au Bado

Malalamiko ya bendi kuhusu fulana zao yanafanana kama mapacha. Mzigo umefika, rangi zinang'aa, fulana zimeuzwa mlangoni usiku wa shoo. Wiki mbili baadaye shabiki anatuma picha: jina la bendi limepasukapasuka kama tope la kiangazi, na nusu ya herufi imebaki kwenye beseni. Bendi inalaumu kitambaa, mchapaji analaumu sabuni. Mara nyingi vyote viwili vinasingiziwa. Wino haukuiva.

Kwa hiyo humu sitazungumzia nembo nzuri wala rangi inayouza. Hayo kila bendi ina maoni yake. Nitashikilia hili la kuiva, kwa sababu ni kasoro isiyoonekana siku ya kuchukua mzigo.

Kukauka si kuiva

Plastisoli, wino unaotumika zaidi kwenye uchapaji wa skrini (wino husukumwa kupitia wavu uliowambwa kwenye fremu), haukauki kwa hewa. Uuache mezani mwezi mzima, utaukuta mbichi vilevile. Unataka moto. Ukifika kati ya digrii 80 na 120 za Selsiasi unaganda, ukiupapasa hauchafui kidole, na hapo ndipo wengi wananaswa. Kuiva kwenyewe ni kama digrii 160, tena si usoni tu: joto hilo lipenye hadi chini, pale wino unaposhikana na pamba.

Mambo yanayoharibu ni ya kawaida kabisa. Mkanda unaopitisha fulana ndani ya oveni umeongezwa mwendo ili oda ya haraka iishe. Fulana za kwanza zimepita oveni haijashika moto. Nyingine zimelazwa ukingoni mwa mkanda, ambako joto ni dogo kuliko katikati. Wino mweupe, ambao huwekwa mzito na hurudisha mionzi ya joto, umepitishwa kwa mwendo uleule wa mweusi. Hoodi ndiyo inayoongoza kwa kuharibika, maana kitambaa chake kinene kinakunywa joto, na unyevu ulio ndani lazima utoke kwanza.

Mchapaji akikwambia "oveni yangu iko 160", bado hajakujibu. Joto la oveni si joto la wino. Hata kile kipimajoto cha bastola husoma uso tu. Anayejua kazi hulaza kihisi cha waya juu ya wino wenyewe na kukipitisha ndani ya oveni, au hubandika vibandiko vya kupimia joto kwenye fulana. Muulize anatumia kipi, kisha sikiliza anavyojibu.

Wewe mwenyewe jaribu hivi. Omba fulana tatu: moja ya mwanzo wa kazi, moja ya katikati, moja ya mwisho. Shika chapa kwa mikono miwili uivute kwa upana hadi ifike kama mara moja na nusu ya ukubwa wake. Wino ulioiva hunyumbuka ukarudi. Usioiva hukatika na kuacha mistari ambayo kitambaa kinachungulia. Halafu fua moja kwa maji ya moto na sabuni, uianike ikauke kabisa, urudie mara tano, kisha uilinganishe na ile isiyofuliwa.

Usichanganye na kosa la kitambaa. Kuna fulana ambazo chapa yake hufifia baada ya kufuliwa mara moja, ukadhani wino umetoka. Itazame karibu, ikibidi kwa lenzi. Ukiona wino upo mzima ila vinyweleo vya pamba vimesimama juu yake kama ukungu, tatizo ni uzi wa kukwaruza wenye vinyweleo. Ukiona wino wenyewe umepasuka au umebanduka, tatizo ni moto.

Njia za kuchapa ninavyozipanga, kuanzia ya juu

Ya kwanza: skrini kwa plastisoli, juu ya Bella+Canvas 3001. Sifichi upendeleo wangu. Fulana hii ni ya pamba ambayo nyuzi zake zimechanwa kama nywele na kusokotwa vizuri, kama gramu 142 kwa mita ya mraba, ina mshono ubavuni, na uso wake ni laini. Ulaini huo si wa kujivunia kifuani tu. Uso laini unapokea tabaka jembamba la wino, na tabaka jembamba huiva upesi hadi chini. Kasoro zake: nyeupe yake inaonyesha mwili, na mkato wake unabana kidogo, hivyo mashabiki wengi watapanda saizi moja. Angalia pia kwamba zile za rangi ya mchanganyiko-mchanganyiko zina poliesta ndani.

Ukitaka kitu kizito zaidi, Stanley/Stella Creator ya pamba ya kilimo hai ni nzuri sana, ila mfuko utalia. Gildan 5000 ni nafuu, haina mshono wa ubavuni na huwa inajipinda baada ya kufuliwa. Uzi wake ndio ule wa vinyweleo. Itakutosha kwa chapa kubwa ya rangi moja.

Skrini ina maana kuanzia fulana 24 kwenda juu, kwa kuwa kila rangi ina skrini yake na maandalizi yake. Kwenye fulana nyeusi utahitaji pia tabaka la wino mweupe chini ya rangi nyingine, na hilo huhesabiwa kama rangi. Mchoro wa rangi mbili unakuwa wa tatu hivihivi.

Ya pili: skrini kwa wino wa maji. Ukipapasa husikii kitu, kitambaa kinapumua, na chapa inazeeka kwa heshima. Lakini maji lazima yatoke yote ndipo wino uanze kuiva, kwa hiyo inatakiwa oveni ndefu yenye upepo wa moto. Karakana yenye oveni fupi ya plastisoli ikikubali kazi hii haraka haraka, ogopa. Jamii yake ni wino wa kung'oa rangi ya fulana. Huo unafanya kazi kwenye pamba tupu, unanuka hadi fulana ifuliwe, na bluu kali au kijani kali huushinda nguvu.

Ya tatu: DTF. Mchoro huchapwa kwenye filamu, hunyunyiziwa unga wa gundi, unga huyeyushwa, kisha filamu hukandamizwa kwenye fulana kwa joto. Inafaa bendi inayotaka fulana nane zenye rangi kumi. Hapa nako kuna kuiva: unga usiyeyuke sawasawa au mkandamizo uwe dhaifu, pembe huanza kunyanyuka kwenye maji ya kwanza. Dai fulana ikandamizwe mara ya pili, sekunde 10 hivi, baada ya filamu kubanduliwa. Na usichore mraba mkubwa uliojaa; mvaaji atatoka jasho nyuma ya plastiki. Mchoro uache matundu.

Printa inayonyunyiza wino moja kwa moja kwenye fulana, DTG, ni sawa kwa picha zenye vivuli vingi kwenye pamba nyeupe. Kwenye nyeusi yote inategemea ile dawa inayopakwa kabla. Vinili ya kukata, yaani plastiki inayokatwa herufi na kubandikwa kwa joto, iachie majina ya mafundi wa jukwaani. Sublimesheni, ambayo wino hugeuka mvuke kwa joto na kuingia kwenye poliesta, haishiki kwenye pamba, basi.

Poliesta nyekundu

Fulana nyekundu au ya damu ya mzee yenye poliesta ikipata moto, rangi yake hupanda na kuingia kwenye wino mweupe. Leo nyeupe, baada ya siku kadhaa waridi. Mchapaji mwoga hupunguza joto ili kuzuia hilo, nasi tunarudi kulekule kwenye wino mbichi. Dawa ni plastisoli ya kuzuia rangi kupanda, na ipo inayoiva kwenye digrii 130 hivi. Kama hana, badili fulana.

Kuhusu wauzaji

Kinachoudhi ni bei ya "fulana moja" inayotajwa kwenye simu. Ukifika, skrini ni pembeni, tabaka jeupe ni pembeni, 2XL ni pembeni, chapa ya mgongoni ni pembeni. Ukirudi baada ya miezi mitatu na mchoro uleule, unatozwa maandalizi upya kama mgeni, ilhali filamu za mchoro zinazotumika kutengenezea skrini ni karatasi nyepesi za plastiki za kuhifadhiwa kwenye droo. Uliza zitahifadhiwa muda gani kabla ya oda ya kwanza. Na picha ya kompyuta yenye nembo yako iliyobandikwa kifuani si sampuli. Sampuli inafuliwa.

Wengine hubadilisha fulana katikati: uliagiza aina moja, unaletewa nyingine "iliyo sawa". Andika kwenye oda jina na namba ya fulana, rangi kwa namba za Pantone (orodha ya rangi ambamo kila rangi ina namba yake), na upana wa chapa kwa sentimita. Kifuani 28 hadi 30 zinatosha M na L, lakini kwenye S upana huo unakimbilia kwapani. Juu ya chapa ianze sentimita 7 hivi chini ya ukosi. Mistari ya mchoro isiwe chini ya nusu milimita, na ile inayoacha kitambaa kionekane iwe minene zaidi, kwa kuwa wino hutanuka na kuiziba.

Kwa fulana 50, anza na S 6, M 13, L 15, XL 11, 2XL 5.

Kisha andika kwamba malipo ya mwisho yatatoka baada ya zile fulana tatu kuvutwa na moja kufuliwa. Wengi watanuna. Wino ukikatika, usikubali kutulizwa kwa punguzo: fulana ambazo hazijafuliwa zinaweza kurudishwa kwenye oveni zikaiva, na kazi hiyo ni ya dakika chache kwa mkanda mzima. Ndiyo maana usiuze hata moja kabla ya jaribio.